Upande wa Dereva

Picha ya kwanza ilikuwa ya ufagio. Glenys Tuckwell aliusimamisha katikati ya jiko lake, akauvika kofia yake ya majani, akalenga kamera kwenye kofia hiyo mpaka kila unyasi ukaonekana, kisha akabonyeza kitufe, akauvuta ufagio pembeni na kusimama mahali pake kabla ya sekunde kumi kwisha. Watu wanaojipiga picha wenyewe wote wana ufagio wao. Wengine hutumia mopa, na kuna mmoja pale mjini Warrabeen hutumia mbwa wake, ingawa mbwa mwenyewe hatulii.

Alirudia mara mia moja na kumi na mbili. Alipomaliza, miguu ilimuuma na chai yake ilikuwa imepoa, lakini alikuwa na picha moja aliyoitaka: uso wake mzima, umetazama mbele, hauna kofia, hauna kitambaa, hauna tabasamu. Akaipa jina "Upande wa Dereva".

Jina hilo lilikuwa na sababu. Kwa miaka thelathini na moja Glenys aliendesha gari la barua kutoka Warrabeen hadi mashamba ya mbali, kilomita mia mbili na themanini kwa siku, dirisha lake likiwa limeshushwa kwa sababu kipoza hewa kilikufa mwaka wa pili na yeye akaona si lazima. Jua la Queensland, huko Australia, halina simile. Lilimla polepole upande wa kulia, mkono, shavu na pua, mpaka saratani ikaota mizizi kwenye ngozi. Madaktari walimkata mara tatu. Mara ya tatu waliondoa bawa la pua la kulia na nyama iliyokuwa chini ya jicho. Sasa ukimtazama kutoka kushoto ni Glenys yule yule wa siku zote, na ukimtazama kutoka kulia tundu la pua liko wazi na shavu limebonyea kiasi cha kijiko cha supu.

Uso wenyewe alikwisha kuuzoea. Kilichomchosha ni macho ya watu, tena si ya wanaokodoa, bali ya wanaokwepa. Raelene wa duka la mikate, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akimshika mkono pale kaunta na kumsimulia habari za mji mzima, alikuwa siku hizi akimpa mkate huku anaongea na sikio lake. Alimwuliza hali kwa sauti ya hospitalini. Siku moja Raelene alimrudishia chenji akiwa ameangalia rafu ya biskuti, sarafu zikaanguka, wote wawili wakainama, wakagongana vichwa, na Raelene akatokwa na machozi. Tangu siku hiyo Glenys alinunua mkate wake mji wa jirani, mwendo wa kilomita hamsini kwenda na hamsini kurudi, amejifunga kitambaa. Miaka miwili namna hiyo. Mwanamke aliyekuwa anajua jina la kila mbwa katika wilaya nzima sasa alikuwa anajificha kama mwizi, na jambo hilo lilimuudhi kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndipo akapata wazo la picha. Kila mwaka, mwezi wa maonyesho ya kilimo, Klabu ya Picha ya Warrabeen hupewa ubao mkubwa mlangoni mwa banda la sanaa, na picha iliyoshinda mada ya mwaka hutundikwa hapo peke yake, kubwa kama mlango wa kabati. Mji wote hupita hapo kuelekea kwenye keki. Mbele ya picha mtu ana ruhusa ya kukodoa macho. Hakuna anayemwita mshenzi. Basi watazame, Glenys alijiambia, watazame wachoke, halafu waniache ninunue mkate wangu. Mada ya mwaka huo ilikuwa "Mimi Mwenyewe". Aliona kama imeandaliwa kwa ajili yake.

Kama alivyozoea kila mwanachama, aliituma picha kwanza kwenye kundi la simu la klabu, apate maoni ya wenzake kabla ya mashindano. Maoni hayakukawia.

Russell, ambaye kwa miaka ishirini hajapiga kitu kisicho na manyoya, aliandika: "Nzuri, Glen. Ila ungekata upande wa kulia, ubaki na nusu uso. Nusu uso una fumbo lake."

Coral Weir, mwenyekiti, akaandika: "Mpenzi, umejitahidi kweli. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe, halafu uilainishe kidogo. Makosa mengi hupotea humo."

Na Neville Crothers, rafiki yake wa karibu kuliko wote, akaandika maneno matano: "Tuonyeshe upande wa kushoto, mwenzangu."

Glenys alilisoma neno "makosa" mara mbili. Kisha akajibu wote kwa pamoja: "Asanteni. Naiacha ilivyo."

Haikupita dakika tano Neville akapiga simu.

"Umenuna?" aliuliza.

"Sijanuna. Nimeomba maoni, nimepewa maoni."

"Sisi tunataka ushinde, Glen. Si unautaka ule ubao wa mlangoni?"

"Nautaka. Na sura yangu yote iwemo."

"Jaji mwenyewe anatoka pwani, hakujui. Akiona pale atadhani..." Neville akakohoa.

"Atadhani nini? Maliza."

"Atadhani picha ina hitilafu."

"Basi adhani, bwana. Wewe mtu wa projekta, kazi yako ni kuiweka ukubwa unaotakiwa. Nakutumia sasa hivi."

"Ukubwa tu," Neville akasema. "Sawa."

Sasa huyu Neville inafaa ajulikane vizuri. Alikuwa fundi wa meno ya bandia kwa miaka arobaini, na mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote haoni pengo akatulia. Ukimkaribisha nyumbani na kigae kimoja cha bafuni kimedondoka, atakirudisha kabla hujachemsha chai. Glenys alipotoka hospitali mara ya tatu, Neville alimjia na ndoo ya plasta na kipande cha mpira wa rangi ya ngozi, akataka kumchukulia vipimo vya pua. Alisema itashika hata akipiga chafya. Glenys alimjibu, "Nev, mimi si kinywa," na ndoo ikarudi kwenye gari. Moyo wake ulikuwa mweupe, nalisema hilo mapema, maana alilolifanya baadaye lingeweza kumfanya mtu afikirie vingine.

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, kwenye ukumbi wa wanawake wa mashambani, feni tatu zikizunguka na kupuliza joto lile lile kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye meza ya nyuma kulikuwa na birika kubwa la umeme, soseji zilizoviringishwa kwa unga na kuokwa, na zile keki za mraba zenye chokoleti na nazi ambazo Coral hutengeneza na hakuna anayethubutu kuzikataa. Glenys alikaa nyuma kabisa, ubavuni mwa birika, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi na kitambaa kimepanda hadi kwenye mashavu.

Sheria za mashindano yao ni kali kuliko za kanisa. Picha haina jina la mtu. Jaji ni mgeni. Anaizungumzia picha mbele ya wote, anaisifu au anaichana, kisha anatoa alama, juu kabisa kumi na tano, na mwenye picha hafungui mdomo mpaka alama za wote zitangazwe. Akijitambulisha, picha yake inaondolewa. Sheria nyingine inasema kila kilichofanywa kwenye picha kiwe kimefanywa na mwenyewe. Sasa chukua sheria hizo uzipeleke kwenye siku ambayo mada ni "Mimi Mwenyewe". Uso wa mtu uko kwenye turubai, na mtu huyo huyo ameketi safu ya pili anatafuna soseji, na watu thelathini wazima wenye akili timamu wanajitia hamnazo.

Jaji alikuwa Ilona Varga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekuwa na sifa pwani yote kwamba havishi mtu kilemba cha ukoka. Alianza na picha ya Russell, iliyokuwa jicho la ndege mwari, na ndani ya jicho hilo, ukikaza macho, kulikuwa na taswira ndogo ya mtu mwenye kamera.

"Mwari huyu ni mzuri," Ilona alisema. "Nampa hongera mwari."

Watu wakacheka, Russell akatazama dari. Ikaja picha ya kivuli kirefu juu ya mchanga.

"Mpiga picha huyu ana kivuli cha kupendeza. Siku moja ningependa kumwona mwenye kivuli."

Coral akainua kikombe chake cha chai na kunywa muda mrefu sana. Ndivyo ilivyokwenda. Picha ishirini za "Mimi Mwenyewe", na nyingi zilikuwa viatu, mikono, vioo vyenye ukungu, migongo inayotembea kuelekea machweo. Nyuso zilikuwa nne tu, na zote zimetazama pembeni. Glenys alizihesabu na akajiona yuko peke yake zaidi ya alivyodhani, na hapo hapo akapiga moyo konde. Kama wote wamejificha, ya kwake itaonekana vizuri zaidi.

Neville akabonyeza, na Glenys akatokea kwenye turubai.

Kwa nukta moja alifurahi. Kisha akaiona pua. Ilikuwa pua nzima, mabawa mawili, laini, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na shavu la kulia limejaa kama lilivyokuwa miaka kumi iliyopita. Hapakuwa na mshono wala alama. Kila kinyweleo kilikuwa mahali pake. Kazi ya fundi wa meno.

Watu walitazamana, jaji asijue kwa nini. Coral aligeuka nyuma, akamtazama Glenys, akageuka haraka. Neville alikuwa ameinamia kompyuta yake, shingo nyekundu mpaka kwenye kola.

"Haya," Ilona alisema, akavaa miwani. "Hatimaye mtu amenitazama usoni. Mwanamke wa makamo, hana mapambo, haombi kupendwa. Mwanga wa dirishani, ngozi safi. Ninaona mtu aliyeishi kwa amani." Akasogea karibu na turubai. "Upande wa kulia umetulia kupita kiasi, sijui kwa nini. Lakini ndiyo bora niliyoiona leo. Kumi na nne. Na nikiona hakuna inayoizidi, hii ndiyo ya ubao."

Kumi na nne. Glenys hakuwahi kupata zaidi ya kumi. Alikaa na alama hiyo mapajani na akaufikiria ubao wa mlangoni, mkubwa kama mlango wa kabati, na mji mzima ukipita na kuiona pua hiyo. Wangefurahi sana. Wangesema amependeza. Halafu wangemwona yeye mwenyewe amesimama karibu na picha, na wangeangalia rafu ya biskuti milele. Akikaa kimya, atashinda, na baada ya ushindi huo hataweza tena kutoka nyumbani bila kitambaa. Aliijua hesabu hiyo yote kabla Ilona hajamaliza kuandika alama kwenye karatasi, na hasira ikampanda, hasira nzuri, ya kumsimamisha mtu.

Akasimama.

"Huyo si mimi," alisema.

"Glenys," Coral alisema kwa sauti ya chini, "kaa, mpenzi. Ukisema unaondolewa. Unaijua sheria."

"Niondoeni." Akavua kofia, akaiweka juu ya birika. Akafungua kitambaa. "Huyo ni mtu mwingine mwenye kichwa changu. Mimi ndiye huyu."

Ilona Varga aliishusha miwani, akamtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Hakukwepa. Hilo Glenys aliliona na akalihifadhi.

"Nani ameirekebisha?" Ilona aliuliza.

Neville akainuka, akiwa ameshika waya wa projekta kana kwamba kuna mtu angemnyang'anya. "Ni mimi. Nilitaka kuiweka ukubwa tu. Halafu nikaona... nilidhani namsaidia. Nimekaa saa tatu pale."

"Saa tatu, Nev," Glenys alisema. "Umekaa saa tatu unanitazama ili upate namna ya kutonitazama."

Neville aliuachia waya wa projekta. Machozi yalimlenga. Glenys alimwonea huruma, lakini huruma haikumkalisha chini.

"Unayo niliyokutumia?"

"Ninayo."

"Iweke. Si ya alama. Nimekwisha ondolewa. Naomba maoni tu, kama kila mtu alivyopewa."

Coral akamtazama jaji, jaji akatikisa kichwa kukubali, na Neville akaiweka. Safari hii hakuna aliyegeuka wala kukohoa. Ilona aliisogelea picha ya kweli, akasimama mbele yake muda mrefu kuliko aliotumia kwa picha nyingine yoyote.

Glenys alingoja. Nisifiche, alikuwa anangoja sifa. Amesimama mbele ya watu thelathini na uso wazi, amepoteza alama kumi na nne kwa kinywa chake mwenyewe, na nani asingengoja neno "shujaa" baada ya hapo?

"Ni dhaifu," Ilona alisema.

Mtu mmoja mbele akavuta pumzi.

"Dirisha liko kushoto kwako. Umeupa mwanga upande mzima, na upande ulioumia umeuacha gizani. Tazama hapa. Kivuli kimelala juu ya shavu, kimejaza shimo. Mtu akisimama mbele ya picha hii hajui kama umemwonyesha au umemficha. Hajui atazame au asitazame. Na macho yako." Akaonyesha kwa kalamu. "Unaniambia nitazame, halafu unaniomba nifanye haraka. Nani alipanga mwanga huu?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa nini kushoto?"

Glenys alitaka kusema ndiko dirisha liliko. Lakini jiko lake lina madirisha mawili. Alikumbuka asubuhi ile, alivyouweka ufagio, alivyousogeza hatua mbili, alivyouzungusha, na kila aliposogeza, shavu zuri ndilo lililokwenda kwenye mwanga, bila yeye kuliambia. Amegombana na klabu nzima kwa ajili ya uso wake mzima, kumbe yeye ndiye wa kwanza kuukata. Maneno yalimchoma kuliko alama yoyote ya chini aliyowahi kupata.

"Kwa woga," alisema. "Sikujua, lakini ni woga."

"Basi umejibiwa," Ilona alisema, na kwa mara ya kwanza mchana ule sauti yake ikalainika kidogo. "Ipige tena."

Ubao wa mlangoni vilipewa viatu vya mtu fulani, viatu vizuri tu, sina neno navyo. Lakini maonyesho yale yana pia sehemu ya wazi, ambapo mtu yeyote wa wilaya anaweza kuingiza picha yake mradi aifikishe bandani kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Glenys aliikumbuka sehemu hiyo akiwa njiani kurudi nyumbani. Hakujifunga kitambaa kwenye gari. Kofia aliisahau juu ya birika.

Jumapili saa tatu asubuhi Neville alikuja, ameishika kofia hiyo kwa mikono miwili.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema mlangoni. "Sijalala. Naweza kuondoka ukitaka."

"Mkono wako una nguvu?"

"Mkono?"

"Wa kushika kitu nusu saa bila kutetemeka."

"Nimeshika taya za watu miaka arobaini, Glen."

"Basi njoo nyuma."

Gari la barua lilikuwa kwenye banda la bati, halijatoka tangu alipoikabidhi kazi yake kwa dereva mwingine. Walilisukuma wawili mpaka uwanjani, Neville akihema na kulaani magurudumu. Glenys aliligeuza kule ambako siku zote lilikuwa linaelekea saa tatu asubuhi, kwenye barabara ya mashamba ya mbali, jua likiwa upande wa kulia. Akaisimamisha kamera nje ya dirisha la dereva. Ufagio akauketisha kwenye kiti, akauvika kofia, akalenga. Kisha akautoa, akaingia yeye, akashusha kioo kama alivyokishusha asubuhi elfu nane.

Jua likamshika usoni. Lilikuwa jua lile lile, wala halikuomba radhi.

"Shika hilo shuka jeupe," alimwambia Neville. "Simama hapo chini ya kioo cha pembeni. Nataka mwanga uingie ndani ya shimo, kivuli kisibaki."

Neville akalishika shuka, akalitandaza, macho yake yako kwenye shuka.

"Umeingia?" Glenys aliuliza.

"Niliinue?"

"Sijui, bwana, mimi niko huku ndani. Wewe ndiye unayeona. Tazama uniambie."

Basi Neville akatazama. Ilibidi, maana kazi haifanyiki bila kutazama. Alianza kwa kona ya jicho, kisha akapiga hatua, kisha akasogea mpaka pumzi yake ikawa karibu na shavu. Akaona mahali ngozi iliyotolewa pajani ilipounganishwa na ya uso, akaona ukingo wa tundu, akaona kivuli chembamba kama uzi kilichobaki chini ya jicho.

"Wameshona vizuri," alisema baada ya muda, kwa sauti ya kazini. "Huyu daktari ana mkono. Hapa juu tu kuna kivuli. Inua kidevu. Hapo. Usihame."

"Kimetoka?"

"Kimetoka. Yote inaonekana."

Glenys alitazama kamera. Hakuiomba ifanye haraka. Alibonyeza kitufe cha mkononi mara moja, akangoja, akabonyeza tena, na mara ya saba akajua.

Jumatatu saa tano na nusu picha ilikuwa bandani. Ilitundikwa kwenye safu ya katikati, kati ya ng'ombe na machweo, na karatasi ndogo chini yake: "Upande wa Dereva, G. Tuckwell, ilipigwa na mwenyewe". Haikupata utepe wowote wa ushindi. Utepe wa kwanza aliuchukua paka aliyelala ndani ya buti la mvua, maana majaji wa maonyesho ya kilimo ndivyo walivyo na hakuna wa kuwabadilisha.

Jumamosi ya maonyesho Glenys alichukua zamu kwenye meza ya klabu, hatua nne kutoka kwenye picha yake, uso wazi. Saa mbili za kwanza zilikuwa ngumu na alizikaa kwa kuuma meno. Watu walifika, wakasimama, wakakodoa. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti kubwa pua imekwenda wapi, mama yake akamvuta, na Glenys akamwambia imeliwa na jua, na mtoto akaridhika kuliko mama. Wakulima aliowapelekea barua miaka yote walivua kofia zao, wakakaribia picha, wakarudi nyuma, wakakaribia tena. Aliwaacha. Walikuja kutazama na yeye ndiye aliyewaita.

Karibu na saa saba Raelene aliingia, bado ana unga kwenye mikono ya shati. Alikuwa anaelekea kwenye keki. Akaiona picha, akasimama. Glenys aliuona mgongo wake tu. Alisimama dakika moja, alisimama dakika mbili, watu wakampita kushoto na kulia. Akainua mkono kama anayetaka kuligusa shavu lile kwenye karatasi, akaushusha. Kisha akageuka, akaja moja kwa moja mezani, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaketi.

Akamtazama Glenys. Usoni, pande zote mbili.

"Huyu dereva mpya wa barua," Raelene alisema, "ananitupia vifurushi vyangu juani. Juzi kanilazia hamira mlangoni mchana kutwa, ikafa yote. Nimemwambia, hasikii. Miaka yote ile wewe hukunifanyia hivyo hata siku moja."

Glenys aliitafuta sauti ya hospitalini ndani ya maneno hayo, hakuikuta. Yalikuwa malalamiko matupu, ya mtu aliyekosa wa kumlalamikia kwa miaka miwili. Akamsogezea kikombe cha chai.

"Anaendesha dirisha wazi?" aliuliza.

"Wazi, na mkono nje, na muziki juu."

"Nitaongea naye habari za hamira," Glenys alisema. "Wewe mwambie avae kofia."